Ongeza jani, kaka: dhana potofu kuhusu springi za gari kongwe la porini

Ingia gereji yoyote kati ya Mafinga na Uyole ukiwa na Land Cruiser ya zamani iliyolala nyuma, ushauri wa kwanza utakuwa huo: "Ongeza jani, kaka." Ni ushauri rahisi na wa bei ya chini, na magari mengi yameharibikia hapo. Nazungumzia magari yanayobebwa na springi za majani, yaani vipande bapa vya chuma vilivyopangwa juu ya vingine: Land Rover za Series zilizotengenezwa mpaka 1985, Land Cruiser 60 za kuanzia 1980 hadi 1990, na zile mkonga (Land Cruiser 70) za kabla ya 1999, ambazo hata mbele zina majani. Mkonga zilizofuata zina koili mbele, ila nyuma majani yamebaki, kwa hiyo wenye nazo wasikae pembeni.

"Springi ngumu ndiyo imara"

Kazi ya springi ni kupinda. Isipopinda, kila pigo la barabara linaenda kwenye chesisi, na chesisi ya gari la miaka arobaini haina pa kulipeleka. Ndiyo maana magari mengi "yaliyoimarishwa" hukutwa na nyufa pale springi zinaposhikia.

Watu hukosea zaidi kwenye unene. Wengi hudhani jani likiongezeka unene kidogo, ugumu nao unaongezeka kidogo. Hapana. Ugumu unakwenda kwa unene kuzidishwa wenyewe mara tatu. Jani la milimita 8 lina ugumu unaozidi mara mbili ya jani la milimita 6 lenye urefu na upana uleule. Likiwa nene mara mbili, ugumu wake ni mara nane. Sasa chukua jani la Fuso, likatwe kwa grainda, lipachikwe katikati ya majani membamba ya Land Cruiser. Halishirikiani na wenzake. Linabeba sehemu kubwa ya mzigo peke yake, na kwa kuwa ni nene, kila linapopinda chuma chake kinavutwa zaidi kuliko cha majani membamba. Mwenye gari husema limekaza vizuri, mpaka siku litakapokatika njiani.

Swali la kujiuliza kabla ya kununua ni hili: siku nyingi gari hili linabeba nini? Anayeshusha viazi kutoka Makete kila wiki hawezi kufunga springi sawa na anayekwenda kuangalia shamba lake la mpunga Usangu na watoto nyuma. Na ukitaja mzigo kwa muuzaji, taja kilo, usitaje magunia. Sote tunaijua lumbesa. Gunia linaloitwa la kilo mia, lililoongezewa kilemba na kushonwa kwa kamba juu, linazidi kilo mia. Anayehesabu magunia kumi akadhani ni tani moja amejidanganya kabla hajaondoka shambani.

Kosa la upande wa pili nalo lipo: springi za kubeba kilo mia tano muda wote, gari likitembea tupu. Kwenye barabara ya vumbi yenye matuta madogo madogo, tairi za nyuma hucheza juu juu na kushika ardhi kwa kubahatisha, na kwenye utelezi wa Rungwe mvua zikikolea hapo ndipo mkia unapotangulia. Kwa mtu anayebeba leo na kesho habebi, chaguo zuri ni seti yenye jani la akiba: lile la chini kabisa, nene, lililonyooka, ambalo halifanyi kazi mpaka mzigo ukae.

Hata hivyo, springi mpya haziongezi uwezo wa gari kubeba. Ekseli, bearingi na breki ni zilezile za kiwandani.

"Zilizolala zipashwe moto zikunjwe upya"

Hili nalipinga waziwazi, ingawa najua kuna mafundi wanaoishi kwa kazi hiyo. Chuma cha springi hakina nguvu kwa sababu ya unene tu. Kiwandani hupashwa moto mpaka nyuzi joto zipatazo 850, kikazamishwa ghafla kwenye mafuta, kisha kikapashwa tena kwa joto dogo lililopimwa ili kisiwe chenye kuvunjika kama kioo. Seti nyingi nzuri pia hupigwa chembe za chuma kwa kasi kwenye uso wake ili nyufa zisianze mapema. Mwali wa gesi ukipita hapo, kazi yote hiyo inafutika sehemu uliyogusa. Jani litakunjika vizuri, gari litasimama wima, na baada ya safari chache za mzigo litalala tena, au likatike palepale penye doa la bluu lililoachwa na moto.

Kukunja bila moto, kwa presi au nyundo, kuna nafuu. Ni dawa ya muda kwa springi ambazo hazijachoka sana. Kuchomelea jani lililokatika ni hatari kuliko vyote, kwa sababu pembeni ya kidonda cha kuchomelea chuma hubaki kigumu na chepesi kupasuka.

"Gari limeinama upande mmoja, springi zimekwisha"

Huenda, lakini pima kwanza. Egesha pahali tambarare, bila mzigo, upepo wa tairi ukiwa sawa, kisha pima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa bodi juu ya tairi, kwenye tairi zote nne. Angalia bushi (mpira ulio ndani ya jicho la springi) na shekeli (kiungo kinachoning'iniza mwisho wa springi kwenye chesisi): bushi iliyoliwa inaweza kuinamisha gari kabisa huku springi ni nzima. Wenye Land Rover za Series wajue kwamba springi ya upande wa dereva na ya upande wa abiria si moja. Upande wa dereva uliundwa kubeba zaidi, kwa kuwa dereva, usukani na tangi la mafuta viko huko. Ukizibadilisha pande, gari litainama hata zikiwa mpya kabisa.

Shokapu, kwa taarifa, haziinui gari. Zinatuliza mtikisiko tu.

"Springi za kunyanyua, halafu basi"

Gari refu linapendeza, sikatai. Ila springi za majani ndizo pia zinazoshikilia ekseli mahali pake, kwa hiyo ukizibadilisha umegusa mengi. Mipira ya breki inaweza kuvutika ekseli ikishuka. Pembe ya propela inaongezeka, nayo inaweza kuanza kutetema. Mbele, usukani unaweza kuanza kutangatanga.

Linalosahaulika na wengi ni vali ya breki za nyuma inayopima mzigo, iliyomo kwenye Hilux na Land Cruiser nyingi. Ina fimbo iliyounganishwa na ekseli. Mwili wa gari ukiwa juu, vali inaamini hakuna mzigo, nayo inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Sasa teremka Kitonga ukiwa na tani moja ya mbao za Mafinga. Fimbo hiyo irekebishwe siku ileile springi zinapofungwa.

"Majani machache ni dhaifu"

Kuna springi zenye majani mawili au matatu tu, nene katikati na nyembamba kuelekea mwisho. Si za kubana gharama. Zinasuguana kidogo na hupinda kwa ulaini. Sharti lake ni shokapu nzuri, maana ule msuguano wa majani mengi ndio uliokuwa ukisaidia kutuliza gari.

Dukani na gereji

Usinunue kwa jina la gari pekee. Land Cruiser 60 hutumia jani la upana wa milimita 70, Land Rover za Series inchi mbili na nusu, na zilizotumika kutoka Japani huenda zilitoka kwenye gari fupi au jepesi kuliko lako. Pima urefu wa jicho hadi jicho, kisha kutoka kila jicho mpaka senta bolti (ile inayoshika majani pamoja katikati), kwani mara nyingi kipande cha mbele na cha nyuma havilingani. Nunua jozi. Oili chafu ya kupaka majani inazuia kutu, kweli, lakini inakula bushi za mpira na kukusanya vumbi.

Yubolti, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya, kwa sababu za zamani zimeshavutika. Bolti za shekeli zikazwe gari likiwa limesimama kwa tairi zake, si likiwa juu ya jeki, la sivyo bushi za mpira zitajipinda siku zote. Na baada ya kilomita mia chache, rudi na spana ukaze yubolti tena.