Penda alikuwa mwanaume: habari ya -a kwenye majina ya Kigermanik

Ukisikia jina Penda hapa kwetu utadhani ni dada yake Pendo. Kumbe Penda alikuwa mfalme wa Mercia kule Uingereza, jibaba la vita kabisa, akafia vitani mwaka 655. Na Offa, mfalme mwingine wa hukohuko, dume vilevile. Kwenye Kiingereza cha kale -a ilikuwa mwisho wa kiume, ila kwa majina mafupi, na Wagothi, kabila la kale la Kigermanik, nao hivyohivyo, Wulfila aliyewatafsiria Biblia karne ya 4 alikuwa askofu. Lakini vuka bahari nenda Ujerumani ya zamani unakuta mwanaume ni Otto, mwanamke Oda, huko Skandinavia Helgi ni wa kiume na Helga wa kike. Asili yao moja, wote ni ukoo wa lugha za Kigermanik, ila kila lugha ilizipindisha vokali za mwisho kivyake.

Sasa majina marefu ndo matamu zaidi. Yaliunganishwa maneno mawili na jinsia ilikaa kwenye neno la pili, maana hawa wenzetu hawana ngeli kama zetu, kila nomino ni ya kiume, ya kike au ya katikati. Hild maana yake vita, halafu kisarufi ni neno la kike (usiniulize kwanini vita iwe ya kike), brand ni upanga, la kiume. Kwa hiyo Brunhild ni mwanamke, Hildebrand mwanaume, hild ileile, imehama tu kutoka nyuma kwenda mbele. Hamna herufi ya kuongeza hapo.

Sasa -a ya Mathilda ilitoka wapi? Kwa makarani. Jina lenyewe lilikuwa Mahthild, nguvu na vita, ila nyaraka ziliandikwa kwa Kilatini na Kilatini kinataka mwanamke awe na mkia wake, akaandikwa Mathildis au Mathilda, mkia ukaganda.

Baadaye ikawa kunyofoa tu jina la baba na kulibandika kitu, Wilhelm akazaa Wilhelmine, Karl Karoline, Friedrich Friederike, na hiyo -ine nayo ya Kilatini, imepitia Ufaransa. Hata Sayyida Salme wa Unguja alipoolewa na Mjerumani na kuhamia Hamburg, binti yake aliyezaliwa 1868 aliitwa Antonie Thawka, yaani Anton aliyevalishwa gauni mbele, Uarabu ukafuata nyuma.