Upasuaji wa Mapigo ya Moyo Yasiyo na Mpangilio: La Kuuliza Kabla ya Kifua Kufunguliwa

Katika kliniki za moyo jijini Nairobi, mgonjwa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio mara nyingi huwa na tatizo jingine lililotangulia, nalo ni vali (mlango mdogo wa kupitishia damu ndani ya moyo) iliyoharibiwa na homa ya rumatiki tangu utotoni. Mgonjwa huyo anapopangiwa upasuaji wa kutengeneza au kubadilisha vali, familia huuliza gharama na tarehe, na wana haki ya kuuliza. Ni nadra kuulizwa iwapo mapigo nayo yatashughulikiwa siku hiyo hiyo, ilhali hapo ndipo penye nafasi bora kuliko zote, kwa kuwa kufungua kifua mara ya pili kwa ajili ya mapigo peke yake ni jambo ambalo wapasuaji wengi hulikwepa.

Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, na amri ya kila pigo hutoka kwenye kifundo kidogo cha seli kilicho sehemu ya juu ya atiria ya kulia, yaani chumba cha juu cha moyo upande wa kulia. Katika mpapatiko wa atiria, ambao ndio kasoro ya mapigo inayotibiwa zaidi kwa upasuaji, amri hiyo humezwa na mawimbi ya umeme yanayozunguka ovyo, hata kuta za atiria zikatetemeka zaidi ya mara 350 kwa dakika bila kusukuma damu inavyopaswa. Mgonjwa huhisi moyo ukienda mbio au ukiruka, huishiwa na pumzi akipanda ngazi, na wengine hawahisi lolote mpaka muuguzi awashike kifundo cha mkono. Damu inayotuama huganda, hasa ndani ya kijimfuko kilicho ubavuni mwa atiria ya kushoto, na donge likichomoka likafika ubongoni, matokeo yake ni kiharusi. Mpapatiko huongeza hatari hiyo takribani mara 5, na vali ya mitrali, iliyo kati ya atiria ya kushoto na chumba cha chini, ikiwa imekaza, hatari hupanda zaidi ya hapo.

Mwaka 1987, katika mji wa St. Louis nchini Marekani, daktari mpasuaji James Cox alifanya kwa mara ya kwanza upasuaji unaokata kuta za atiria kwa mistari maalumu na kuzishona tena. Kovu halipitishi umeme. Mistari hiyo ikishapona, hufanya kazi kama ukanda uliofyekwa kuzuia moto wa nyika: wimbi la umeme hufika hapo likakosa pa kupita, huku njia moja ikiachwa wazi makusudi ili amri halali itoke kwenye kifundo chake na kufika vyumba vya chini. Ulikuwa upasuaji mrefu na mgumu, na ndiyo sababu haukuenea upesi. Tangu mwaka 2002 mikato mingi imebadilishwa kwa kuunguza kwa mawimbi ya redio au kugandisha. Katika kugandisha, moyo ukiwa umesimamishwa na mashine ikisukuma damu kwa niaba yake, mpasuaji hugusisha ncha ya chuma kwenye ukuta wa atiria kwa dakika 2 hivi. Gesi iliyo ndani ya ncha hiyo huishusha hadi makumi ya nyuzi chini ya sifuri, nyama huwa nyeupe na ngumu, kisha hurudi rangi yake taratibu ikiyeyuka. Kovu huja baadaye.

Je, inafaa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa 260 waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa vali ya mitrali, ulionyesha kwamba asilimia 63 ya waliotibiwa mapigo pamoja na vali hawakuwa na mpapatiko walipopimwa miezi 6 na miezi 12 baadaye, dhidi ya asilimia 29 ya waliotibiwa vali pekee. Hata hivyo, waliotibiwa mapigo walihitaji zaidi kuwekewa kifaa cha kuongoza mapigo, kile ambacho wengi hukiita betri ya moyo. Mgonjwa aelezwe hilo kabla ya kutia saini, wala si baada ya kuzinduka kutoka usingizi wa nusukaputi. Atiria ikiwa imepanuka mno, au mpapatiko ukiwa umedumu miaka mingi, matumaini hupungua, na mpasuaji mwaminifu anaweza kushauri kuacha.

Hata pale ambapo mapigo hayatatibiwa, kijimfuko cha atiria ya kushoto kinaweza kufungwa, kazi ya dakika chache tu. Utafiti mkubwa wa mwaka 2021 uliwafuatilia wagonjwa karibu 4,800 wenye mpapatiko waliokuwa wakipasuliwa moyo kwa sababu nyingine: kiharusi au donge lililosafiri lilitokea kwa asilimia 4.8 ya waliofungwa kijimfuko, na kwa asilimia 7.0 ya wale ambao hawakufungwa. Wengi wao waliendelea kutumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwa hiyo faida hiyo ilikuwa nyongeza juu ya dawa. Haikuwa badala yake.

Hapa ndipo wagonjwa wetu hukosea zaidi. Mtu akisikia moyo umetulia, huacha wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Aliyewekewa vali ya chuma anaihitaji maisha yake yote, hata kama mapigo yamenyooka kabisa. Mwenye ugonjwa wa rumatiki na mpapatiko asibadilishiwe kiholela dawa mpya zisizohitaji kupimwa damu mara kwa mara, kwa maana utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vichache zaidi kwa waliobaki kwenye dawa za jamii ya wafarini. Sukuma wiki, ingawa inaweza kupunguza nguvu ya wafarini, haijakatazwa. Kinachotakiwa ni kiasi kisichobadilika sana wiki hadi wiki, ili kipimo cha damu kisipande na kushuka. Mwanamke anayetarajia kushika mimba amwone daktari mapema, kwa kuwa wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kwa miezi 3 ya mwanzo baada ya upasuaji, mapigo yanaweza kuvurugika tena huku makovu yakikomaa, na hilo pekee halimaanishi kwamba tiba imeshindwa. Kipimo cha umeme wa moyo hurudiwa, dawa hurekebishwa, na wakati mwingine moyo hurejeshwa kwenye mpangilio kwa mshtuko mdogo wa umeme mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Sindano za penisilini za kila wiki 3 au 4 nazo huendelea kwa muda ambao daktari ataamua, kwa kuwa upasuaji hauzuii homa ya rumatiki kurudi.