Asidi amino za lazima kwa hali maalumu, na kinga ya mwili

Protini tunayokula humeng'enywa hadi kuwa asidi amino, na kati ya aina 20 ambazo mwili hujengea protini zake, 9 huitwa za lazima kwa sababu sharti zitoke kwenye chakula. Zilizobaki mwili hujitengenezea, ila baadhi yake zina tabia ya pekee: mtu mzima wa afya huzipata za kumtosha, lakini aliyeungua vibaya, aliyefanyiwa upasuaji mkubwa au mwenye maambukizi makali huzitumia upesi kuliko anavyozizalisha. Hizo ndizo za lazima kwa hali maalumu, na zinazotajwa zaidi ni arginini na glutamini.

Makrofaji, seli nyeupe ya damu inayomeza vijidudu, ina vimeng'enya viwili (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini) vinavyogombania arginini. Kimoja huigeuza kuwa oksidi ya nitriki, gesi inayoua vijidudu na kutanua mishipa ya damu, ndiyo maana sehemu iliyojeruhiwa huwa nyekundu na yenye joto. Cha pili, arginesi, huipeleka kwenye utengenezaji wa kolajeni (protini inayoshikilia tishu pamoja) na seli mpya, yaani kazi ya kufunga kidonda. Kwa hiyo arginini ile ile yaweza kukoleza uvimbe au kusaidia uponyaji, kutegemea mapambano yamefikia wapi. Baada ya jeraha kubwa arginesi hupanda, arginini hupungua katika damu, na seli T, seli nyingine nyeupe za kinga, ambazo haziwezi kuongezeka vizuri bila hiyo, hudorora.

Glutamini nayo ni nishati ya limfosaiti (kundi la seli nyeupe ambamo seli T zimo) na ya seli za ukuta wa utumbo, na hutoa malighafi ya glutathioni, inayozikinga seli zisidhuriwe na kemikali kali zinazozalishwa wakati wa uvimbe.

Ukisoma hayo, ni rahisi kusema: kilichopungua kiongezwe. Hoja hiyo ilipojaribiwa kwa wagonjwa, haikusimama kila mahali. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani lililowapa arginini watu waliotoka kupata shambulio la moyo. Lilisitishwa mapema baada ya wagonjwa 6 wa kundi la arginini kufariki, ilhali katika kundi la kulinganishia hakufariki hata mmoja. Mwaka 2013, utafiti wa wagonjwa mahututi 1,223 ambao viungo kadhaa vya mwili vilikuwa vimeshindwa kazi ulionyesha kwamba, baada ya miezi sita, waliopewa glutamini walikuwa wamefariki kwa asilimia 43.7, dhidi ya 37.2 ya wasiopewa. Mwili ulioelemewa kiasi hicho, nionavyo mimi, si ghala tupu linalosubiri kujazwa.

Penye mafanikio ni kwenye upasuaji mkubwa, hasa wa saratani za njia ya chakula, ambako lishe yenye arginini, mafuta ya omega-3 na nyukliotidi (vijenzi vya DNA) imepunguza maambukizi ya baadaye. Hata hivyo viambato hivyo hutolewa kwa pamoja, na sifa hiyo haiwezi kupewa arginini peke yake. Kwa mtu mwenye afya anayekula protini ya kutosha, upungufu wenyewe haupo, hivyo kidonge cha nyongeza hakina pengo la kuziba. Na mwenye ugonjwa wa moyo, figo au ini asikiguse kabla ya kuzungumza na daktari wake.