Kidole Tumbo: Maswali Tunayoulizwa Wodini

Kidole tumbo ni nini, na ugonjwa wake huanzaje?

Ni kijifuko chembamba chenye umbo la kidole, chenye urefu wa sentimita 6 hadi 10 hivi, kilichoshikana na mwanzo wa utumbo mpana, upande wa kulia chini ya tumbo. Kila mtu huzaliwa nacho. Tundu lake likiziba, mara nyingi kwa kipande cha kinyesi kigumu, bakteria huzaliana ndani yake, kidole huvimba, damu hushindwa kukifikia, na mwishowe huoza na kutoboka. Ugonjwa huu humpata mtu wa umri wowote, ila tunaowapokea wengi wana kati ya miaka 10 na 30.

Ni kweli unaletwa na mchanga wa dagaa na mbegu za mapera?

Hapana. Mchanga wa dagaa walioanikwa chini hukera meno na kumgombanisha mpishi na walaji, kisha hutoka na choo.

Nitautambuaje?

Maumivu huanzia kwenye kitovu au juu yake, yakiwa ya kusokota na yasiyoeleweka vizuri, kiasi kwamba mgonjwa hulaumu chakula alichokula jana yake. Baada ya saa kadhaa, kwa kawaida ndani ya siku moja, huhamia chini kulia na kutulia hapo, yakiwa makali zaidi. Hamu ya chakula hupotea, kichefuchefu na kutapika hufuata, na homa huwa ya wastani. Mgonjwa hutembea ameinama, amejishika ubavu wa kulia. Nina swali langu ambalo huwauliza wanaoletwa kwa bodaboda: pikipiki ilipopita kwenye matuta, ulijisikiaje? Mwenye kidole tumbo hulikumbuka kila tuta, na wengine huniambia walimwomba dereva asimame washuke watembee. Mtikisiko mdogo tu, hata kikohozi, humchoma mahali palepale.

Si kila mgonjwa hufuata mpangilio huu. Kwa watoto wadogo na wazee dalili hujificha, na kwa mjamzito maumivu yanaweza kuwa juu zaidi ya mahali yanapotarajiwa.

Nilipimwa nikaambiwa nina malaria. Je, bado inaweza kuwa kidole tumbo?

Inaweza. Katika mwambao huu wa Ziwa Victoria, mtu anaweza kukutwa na vimelea vya malaria, au kichocho, na wakati huohuo kidole chake kikawa kinaoza. Vivyo hivyo kwa majibu ya taifodi na UTI, ambayo siku hizi hutolewa kwa karibu kila mwenye tumbo linalouma. Ikiwa umeanza dozi na maumivu ya chini kulia yanazidi, rudi siku hiyohiyo, usingoje dozi iishe.

Nyumbani tulimkanda maji ya moto, tukampa dawa ya kuharisha, na maumivu yakatulia. Amepona?

Hajapona. Maumivu yaliyohamia chini kulia yakitoweka ghafla bila matibabu ya hospitali, yawezekana kidole kimetoboka: shinikizo lililokuwa ndani yake limeachiwa na usaha umemwagika tumboni. Nafuu hiyo ni ya saa chache. Baadaye maumivu hurudi yakiwa yameenea tumbo zima, tumbo hukakamaa kama ubao, homa hupanda, na mapigo ya moyo huenda mbio.

Tulimpokea kijana mmoja mvuvi kutoka kisiwani ambaye ndugu zake walikuwa wamemwekea nafasi kwenye boti ya asubuhi siku ya pili ya ugonjwa. Alfajiri akaamka hana maumivu, akaomba uji, akanywa kikombe kizima, nao kwa furaha wakaghairi safari. Tulipompasua siku mbili baadaye, usaha ulikuwa umefika hadi chini ya ini. Alikuwa pia amepigwa bomba (dawa ya kupitishwa njia ya haja kubwa) la dawa za mizizi kwa ajili ya chango, na ngozi ya tumbo ilikuwa na chale mbichi. Alikaa nasi wiki tatu.

Kwa hiyo narudia, kwa heshima zote kwa wazee wetu: hajapona. Usimkande, usimpe dawa ya kuharisha, usimpige bomba, na usiende duka la dawa kuomba sindano ya kutuliza ili muone kesho itakuwaje. Dawa ya maumivu atapewa hospitalini, na huko haimzuii daktari kuutambua ugonjwa. Nyumbani kazi yake ni kuwafanya mlale mkidhani amepona. Na akiamka hana maumivu, safari ya hospitali iko palepale.

Tukitoka visiwani tufanyeje?

Nendeni kwenye kituo cha afya au hospitali ya karibu yenye chumba cha upasuaji. Si lazima kila mgonjwa avuke hadi Mwanza mjini. Njiani asile wala asinywe, kwani tumbo lililojaa huchelewesha upasuaji.

Hospitalini atafanyiwa nini?

Daktari atamsikiliza na kumbonyeza tumbo, kisha atapima damu na mkojo, na mara nyingi ultrasaundi. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa atapimwa ujauzito, na asikasirike kuulizwa, kwa kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi huuma vilevile na huua haraka. Matibabu ya kawaida ni kukiondoa kidole kwa upasuaji, na mwili haupungukiwi kitu. Baadhi ya wagonjwa ambao kidole hakijatoboka huweza kutibiwa kwa antibiotiki pekee, ingawa ugonjwa unaweza kurudi. Uamuzi huo ni wa daktari aliyeona vipimo, si wa muuza dawa.

Atarudi kazini lini?

Aliyewahi kufika huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku chache, na kazi nyepesi huzianza ndani ya wiki mbili hivi. Kuvuta nyavu, kusukuma mtumbwi na kubeba ndoo za maji husubiri wiki 4 hadi 6. Aliyetobokewa hatuwezi kumpangia tarehe hadi kidonda kikauke.