Miwani ya kompyuta haitibu macho yaliyochoshwa na simu

Wiki hii tena: "Dokta, mwandikie mtoto miwani ya kompyuta, simu inamharibu macho." Mzazi ameshaiona sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, na muuzaji amemulika lenzi kwa tochi ndogo ya zambarau kuonyesha mwanga wa bluu unavyozuiwa. Tochi ile inathibitisha kwamba lenzi inazuia mwanga wa tochi. Kuhusu simu haithibitishi kitu.

Mwanga wa bluu wa simu ni mdogo mno ukilinganisha na ule unaotupata tukitoka tu nje mchana. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, ya mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 17, yaliona kuwa kwa muda mfupi lenzi hizi huenda zisipunguze uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida. Hiyo fedha mnunulieni mtoto viatu.

Shida kubwa ni kutopepesa macho vya kutosha. Tukiongea tu, tunapepesa mara 15 hivi kwa dakika. Tukikodolea kioo cha simu idadi inaweza kushuka chini ya nusu. Tena hata huko kupepesa kwenyewe kunakuwa nusunusu: kope la juu linashuka kidogo na kurudi bila kugusa la chini. Sasa, mafuta yanayozuia machozi yasikauke hutoka kwenye tezi za kope, na hukamuliwa kope zikifumbana sawasawa. Zisipofumbana, sehemu ya chini ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho, inabaki wazi, na kipupwe cha huku, na upepo wake na vumbi lake, kinamalizia kazi.

Hapo ndipo ninapobishiwa: "Macho yangu yanatiririka maji, utasemaje yamekauka?" Yanatiririka kwa sababu yamekauka. Jicho likiwashwa na ukavu humwaga maji mengi kwa ghafla, lakini maji hayo hayakai juu ya jicho, yanaishia shavuni. Kwa hiyo fumba macho taratibu, tulia kidogo, fumbua. Rudia mara kadhaa. Kompyuta iwe chini kidogo ya usawa wa macho ili kope zifunike sehemu kubwa zaidi ya jicho.

Ile kanuni ya kila dakika 20 kutazama mbali mita 6 kwa sekunde 20, nawaambia wagonjwa waifuate, ingawa ushahidi wa namba hizo hasa ni mwembamba. Kuinua macho ukatazame mlima Loleza ni kuzuri, hata usipohesabu sekunde.

Umevuka miaka 40 na maandishi ya simu yanakukimbia? Njoo upimwe miwani ya kusomea. Na tafadhali, msinunue matone yoyote dukani bila kupimwa. Yenye steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, yanaweza kupandisha presha ya macho kimyakimya, na upofu wake haurudi nyuma.

Kwa watoto, simu iwekwe chini watoke nje. Guangzhou, Uchina, shule zilizoongeza dakika 40 za nje kila siku zilipata watoto wachache zaidi walioanza kutoona mbali ndani ya miaka 3. Kama kinachosaidia ni mwanga mkali au kutazama mbali, bado tunabishana, na kwa mtoto ambaye tayari haoni mbali faida ni ndogo. Avae kofia pana, kwa sababu huku juu miale ya urujuanimno ni mikali kuliko pwani, nayo inahusishwa na kile kinyama kinachoota juu ya jicho.