Wakala wa mwandishi ni nani, na mswada umfikie lini

Mtaani Dar es Salaam neno wakala lina sura moja: mwavuli, meza ndogo, simu mbili, na mtu wa kukutolea pesa. Kwenye biashara ya vitabu wakala ni mtu mwingine kabisa, na anayefanana naye zaidi kwa kazi ni dalali wa nyumba. Anachukua mswada wako (kitabu ambacho hakijachapishwa, si ule wa bungeni), anautafutia mchapishaji, anabishania bei na masharti kwa niaba yako, kisha anakata chake kwenye kilichopatikana. Ila huyu hadai hela ya kuzunguka. Hapati hata senti mpaka wewe upate.

Kazi hii ina mizizi London. A. P. Watt, Mskoti, alianza kuwauzia waandishi kazi zao miaka ya 1870, akitoza asilimia 10. Siku hizi kawaida ya Uingereza na Marekani ni asilimia 15 kwa soko la nyumbani, na 20 kwa haki za tafsiri na nchi za nje, maana huko mara nyingi kuna wakala wa pili wa kugawana naye. Tuseme mchapishaji wa New York ametoa malipo ya awali ya dola 10,000. Pesa inapitia kwa wakala, anabaki na 1,500, wewe unapata 8,500. Na malipo ya awali si zawadi. Ni mirabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, uliyolipwa kabla ya kitabu kuuzwa, kwa hiyo mpaka mauzo yaifidie, hutaona nyingine.

Anahitajika kwa sababu wachapishaji wakubwa wa nchi hizo kwa kawaida hawapokei mswada uliotumwa na mwandishi mwenyewe. Mtu wetu aliyeko Leicester au Minneapolis, akiwa ameandika riwaya kwa Kiingereza, mlango atakaoukuta ni huo.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anamaliza rasimu Ijumaa, Jumatatu ameshaituma kwa mawakala thelathini, akitumaini watamwonyesha palipo pabovu. Hawatamwonyesha. Wakala anasoma akiwa na swali moja kichwani: naweza kukiuza hiki? Jibu likiwa hapana, utapata mistari miwili ya heshima, au kimya. Na kwa kawaida hapokei mswada uleule mara ya pili, labda awe ameuomba mwenyewe. Kumtumia rasimu ya kwanza ni sawa na kumwita mnunuzi nyumba ikiwa haijaezekwa.

Maoni hutafutwa kabla, na kwa watu wengine. Mimi nawaita wasomaji wa majaribio: watu watatu hadi watano wanaosoma vitabu vya aina unayoandika, wasiokuwa na sababu ya kukuonea haya. Mama hafai. Mwenzi wako pia hafai, hata kama anasoma sana. Akikusifu hutajua kama ni kitabu au ni mapenzi, akikukosoa mtalala mmenuniana. Washairi wa pwani jambo hili wamelijua siku nyingi. Shairi linasomwa barazani, mwenzako anakukamata kwenye kina kilichoteleza, na anayekukamata hasa ni yule naye anayetunga.

Usiwaulize "umekionaje?" Swali hilo linajibiwa "kizuri, hongera," na hapo umepoteza msomaji. Uliza mambo anayoweza kuyakumbuka. Ulikiweka chini ukurasa gani ukaenda kufanya mengine? Mhusika gani ulimsahau akarudi ukajiuliza huyu ni nani? Wapi ulilazimika kurudi nyuma? Ulidhani mwisho utakuwaje? Kisha nyamaza. Ukianza kueleza kwamba "hapo nilimaanisha kuwa…", kumbuka hutakuwepo kumweleza mnunuzi dukani.

Akijikwaa mmoja, inaweza kuwa ni yeye. Wakijikwaa watatu pahala pamoja, shimo lipo, ingawa kila mmoja atakupa ushauri wake wa kulifukia, na yawezekana hakuna hata mmoja uliokaa sawa. Tengeneza, kiache kitabu wiki kadhaa, kisome kwa sauti kuanzia mwanzo, tengeneza tena. Mwenye uwezo anaweza kumlipa mhariri wa kujitegemea. Hiyo ni huduma halali, mradi mhariri huyo si wakala yuleyule unayetaka akuwakilishe.

Ndipo inapokuja barua ya kuomba uwakala. Ni ukurasa mmoja, maneno 300 au pungufu kidogo au zaidi kidogo: aina ya kitabu na idadi ya maneno (riwaya nyingi za watu wazima ziko kati ya 80,000 na 100,000), mhusika mkuu, anachokitaka, kinachomzuia, na atakachopoteza akishindwa. Vitabu viwili vya karibuni ambavyo chako kingekaa navyo rafu moja. Sentensi chache kukuhusu. Mwisho wa hadithi hautajwi kwenye barua. Huo unakaa kwenye muhtasari, karatasi ya pembeni inayosimulia hadithi yote kwa kifupi. Uingereza kwa kawaida unaambatanisha muhtasari na sura tatu za mwanzo, Marekani mara nyingi ni barua na kurasa chache tu. Riwaya lazima iwe imekamilika. Kitabu cha maarifa kinaweza kuombewa kwa pendekezo (maelezo ya kitabu utakachoandika) na sura za mfano.

Tuma kwa mafungu, saba au nane kwa mara moja. Kimya chenyewe kinasema kitu: kama hakuna hata mmoja anayeomba kurasa zaidi, ubovu uko kwenye barua au kurasa za mwanzo, kama wanaomba mswada mzima kisha wanaukataa, basi rudi kwenye kitabu. Anayekuomba ada ya kusoma mswada, mkimbie. Chama cha mawakala wa fasihi cha Marekani kinawakataza wanachama wake kutoza ada hiyo.

Kwa anayeandika Kiswahili, je? Nairobi na Dar es Salaam mwandishi anaupeleka mswada mwenyewe kwa mchapishaji, na sababu ni hesabu. Chukua kitabu cha shilingi 10,000 za Tanzania chenye mirabaha ya asilimia 10. Mwandishi anapata 1,000 kwa nakala, na asilimia 15 ya hiyo ni 150. Ziuzwe nakala 2,000, wakala ameondoka na 300,000, baada ya miezi na miezi ya kuandikiana barua. Nani ataishi kwa hiyo? Mlango mwingine ni tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye ikaitwa Safal-Cornell, ambayo hushindanisha hata miswada ya Kiswahili isiyochapishwa. Kwa mchapishaji au kwa tuzo, anayesoma huko naye anasoma ili achague, kwa hiyo wale wasomaji watano bado unawahitaji.

Ukibahatika wakala akasema ndiyo, usisaini siku hiyohiyo. Desturi ni kuwaarifu mawakala wengine wenye mswada wako na kuwapa kama wiki mbili wajibu. Katika siku hizo muulize huyu aliyekubali: anataka ubadilishe nini kwenye kitabu, ataupeleka kwa wachapishaji wa aina gani, na mkataba unavunjwa vipi. Hilo la mwisho lisome mara mbili. Mkiachana, kitabu alichokiuza kitaendelea kumlipa fungu lake kwa muda wote ambao mkataba ule na mchapishaji ungali hai.