Wimpole: Tuanzie Ghalani

Mgeni akifika Wimpole, kusini-magharibi mwa Cambridge nchini Uingereza, macho yake hukimbilia jumba la matofali mekundu. Sisi tunaohifadhi majengo ya kale tungependa aanzie shambani, kwa sababu mazizi na maghala nayo yalisanifiwa kwa makini.

Jumba lilianzishwa na Thomas Chicheley mwaka 1640. Lilipita mikononi mwa watu kadhaa, akiwemo Edward Harley aliyejenga maktaba kwa ajili ya vitabu vyake vingi. Hati zake za kale zilinunuliwa kwa niaba ya taifa mwaka 1753. Kufikia wakati huo nyumba ilikwisha kuwa ya ukoo wa Yorke, walioinunua mwaka 1740.

Mjukuu wa Yorke aliyeinunua, mwenye cheo cha Lodi Hardwicke wa tatu, alikuwa mpenzi wa kilimo. Mwaka 1794 alimtaka John Soane amchoree shamba la mfano. Soane huyu ndiye aliyekuwa msanifu wa Benki Kuu ya Uingereza, na hapa alikaa akapanga mabanda ya ng'ombe! Ghala Kuu lake bado limesimama: fremu ya miti, kuta za mbao, paa la kuezekwa kwa mabua.

Maghala ya aina hii yalikuwa na milango mikubwa inayotazamana. Katikati ndipo nafaka ilipopurwa kwa fimbo, kisha ikapepetwa; upepo ukiingia mlango mmoja ulitoka na makapi kwa mlango wa pili. Mabua yaliyobaki yalitandikwa uani chini ya mifugo, yakachanganyika na samadi, yakarudi shambani kurutubisha udongo. Ndiyo maana majengo yaliuzunguka ua mmoja.

Mmiliki binafsi wa mwisho alikuwa Elsie Bambridge, binti wa mwandishi Rudyard Kipling. Alipofariki mwaka 1976 aliiachia National Trust, shirika la kuhifadhi majengo na mandhari ya kale, jumba na ardhi yake. Leo shamba linafuga mifugo ya asili ya Uingereza iliyo adimu.

Jambo moja wengi hulipita bila kuliona. Viwanja vya nyasi mbele ya jumba vilikuwa mashamba ya wanavijiji, waliohamishwa ili kuwapisha mabwana wapate mandhari. Jua likiwa chini, matuta ya jembe lao bado yanaonekana chini ya nyasi.